Je, mitego yetu ya madume inazalisha nzi wa aina mpya?

"Daktari, salaam. Nina ekari tatu za miembe hapa Kilifi, mingi ni ngowe na michache ya apple. Miaka ya nyuma tulifunzwa kwamba nzi anayetia funza maembe yetu ni mgeni aliyegunduliwa karibuni, na jina lake ni invadens. Mwaka jana, kwenye mafunzo mengine, tukaambiwa invadens hayupo tena, huyu ni dorsalis wa Asia. Nikashangaa: nzi anatowekaje na maembe bado yanaoza? Sasa mitego yangu ya chambo cha madume, iliyokuwa ikijaa, inanasa nzi wachache, ilhali funza hawajapungua. Jirani yangu anasema madume wasioipenda ile harufu ndio waliobaki, wanazaana wao kwa wao, na wameshakuwa jamii nyingine. Mwanangu aliye chuo kikuu anasema linawezekana, kwamba wadudu hugawanyika na kuwa spishi mpya kutokana na namna wanavyopandana. Je, ni kweli? Na niiondoe mitego kabla sijaharibu zaidi?"

Usiiondoe. Nalitanguliza hilo kwa sababu msimu hausubiri maelezo, na maelezo yangu ni marefu. Mwanao kasema kweli. Jirani yako kasema nusu ya kweli, na ile nusu nyingine ndiyo inayokutia hofu bure. Ukiniruhusu niirudie hofu yenyewe kwa maneno yangu: kila dume unayemuua ni yule anayekipenda chambo, kwa hiyo unayemwacha hai ni yule asiyekijali, huyo akizaa, na watoto wake wakazaa, mwisho tutakuwa na nzi ambaye hatuna silaha ya kumkabili. Hilo si wazo la kijinga. Watu waliotumia chambo hiki visiwani mbali huko wamejiuliza swali lilo hilo miongo mingi kabla yako.

Lakini tuanze na jina, maana ndani ya kisa cha jina mna nusu ya jibu.

Nzi huyu alionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003, hapa hapa Pwani, na mwaka huo huo akapatikana Tanzania. Alikuwa na mistari miwili ya manjano mgongoni na mabawa yasiyo na madoa, lakini rangi ya mgongo wake iliwababaisha wataalamu: huyu kahawia inayoelekea wekundu, yule karibu mweusi kabisa, na wote wametoka kwenye embe moja. Vielelezo vinavyofanana naye vilipatikana Sri Lanka. Mwaka 2005 watafiti Drew, Tsuruta na White wakamwandika kuwa spishi mpya, Bactrocera invadens. Jina likashika. Na katika biashara ya matunda jina si kitu kidogo, kwa kuwa nchi hufunga mipaka yake kwa orodha ya majina ya wadudu. Wewe na wenzako mnalijua hilo vizuri, maana mlikuwepo Kenya ilipojizuia kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi wa matunda.

Sasa utajuaje kama wadudu wawili wanaokaribiana hivyo ni spishi moja au mbili? Watu wengi hudhani mtaalamu huchukua darubini, akahesabu vinywele, akakata shauri. Vinywele tunavihesabu, na vinasaba tunavipima. Lakini kuna kipimo kingine, nacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote: unawauliza wenyewe. Katika maabara ya pamoja ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, pale Seibersdorf karibu na Vienna, nzi waliotoka Kenya waliwekwa pamoja na dorsalis wa Asia ndani ya vizimba, wakaachwa mpaka giza likaanza kuingia, kisha yakahesabiwa majozi. Kama wa Kenya wangekuwa spishi ya peke yao, majozi ya wenyewe kwa wenyewe yangezidi sana. Hayakuzidi. Walipandana bila kubagua, mayai yakaanguliwa, na watoto wa mchanganyiko nao wakazaa. Utafiti huo ukaunganishwa na wa vinasaba, wa umbo na wa harufu, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba invadens ni dorsalis yule yule, pamoja na papayae na philippinensis, ambao nao walikuwa wametengwa kuwa spishi mbalimbali mwaka 1994.

Kwa hiyo hakuna nzi aliyetoweka. Kilichofutwa ni jina, na nzi yupo kwenye maembe yako kama zamani. Si wataalamu wote walioridhika na uamuzi huo. Wapo wanaoshikilia kwamba tofauti za umbo zilipuuzwa. Mimi niko upande wa waliounganisha, na sababu yangu ni kwamba katika vizimba vya namna hiyo hiyo alijaribiwa pia ndugu yao mwingine, Bactrocera carambolae. Huyo alibagua. Majike na madume wa carambolae kwa sehemu kubwa waliwachagua wa kwao, na ndiyo maana jina lake lilibaki. Kipimo kinachoweza kusema "hapana" kwa mmoja, kikisema "ndiyo" kwa mwingine, mimi nakiamini.

Ukitaka kujua wanabagua kwa kitu gani, nenda kondeni jua linapozama, upande wa mwembe wenye majani mengi, na utulie. Utaona dume mmoja juu ya jani, wa pili jani la karibu, wa tatu juu kidogo. Kila mmoja ameshika jani lake, na mwingine akitua hapo humkabili. Kisha dume huanza kupiga mabawa kwa kasi, akiyasugua kwenye safu ya vinywele vigumu ubavuni mwa tumbo lake. Sauti inayotoka ni nyembamba mno, sikio la mtu ni vigumu kuidaka. Anachokifanya ni kupeperusha harufu aliyoitunza kwenye tezi ndogo mwishoni mwa utumbo. Jike hutua, hukaa kidogo, na mara nyingi huruka akaenda zake. Akikubali, watashikana sehemu kubwa ya usiku.

Harufu hiyo ndiyo inayotuunganisha na mtego wako. Chambo chako ni kemikali iitwayo methaili yujinoli, nayo imo kiasili katika mimea mingi, zikiwemo aina fulani za mrihani. Dume wa dorsalis akiipata huila kwa pupa. Mwilini mwake huibadilisha kuwa vitu viwili, ambavyo huenda kukaa kwenye ile tezi hadi jioni vitakapohitajika. Carambolae akila kitu kile kile, yeye hutengeneza kimoja tu kati ya hivyo viwili. Nzi wa Kenya, yule aliyeitwa invadens, alipopimwa alikutwa na vyote viwili, sawasawa na dorsalis. Na majaribio ya Hawaii yalionyesha kwamba dume aliyekwisha kula methaili yujinoli hupata majike kuliko yule ambaye hakula. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Hapo ndipo alipo mwanao na ukweli wake. Kwa wadudu, spishi hazitenganishwi kwanza na sura. Zinatenganishwa na nani anakutana na nani, saa ngapi, mahali gani, na nani anakubaliwa. Makundi mawili yakiacha kupandana, hata kama bado yangeweza kuzaa yakilazimishwa, kila moja litabeba mabadiliko yake ya vinasaba bila kuyachangia mwenzake, na baada ya vizazi vingi hata kulazimisha hakutafaa. Kuachana kitandani hutangulia. Tofauti za mwili mara nyingi hufuata nyuma.

Mfano maarufu kuliko yote unatoka kwenye jamaa wa nzi wako huko Marekani. Rhagoletis pomonella alikuwa akiishi kwenye vitunda vya mti wa porini wenye miiba. Walowezi wa Ulaya wakaleta matufaha, na katikati ya karne ya 19 wakulima wa bonde la mto Hudson wakaanza kuona funza ndani yake. Mtaalamu wa wadudu Benjamin Walsh aliandika miaka ya 1860 kwamba hapo kuna kundi jipya linalozaliwa mbele ya macho ya watu. Jambo la kuzingatia ni kwamba nzi huyu hupandana juu ya tunda lenyewe: dume hukaa kwenye tunda akingoja, jike huja kutaga. Kwa hiyo anayevutwa na harufu ya tufaha atakutana na wapenda tufaha wenzake, na anayevutwa na tunda la porini atabaki huko. Chaguo la chakula likawa ndilo chaguo la mwenzi, bila yeyote kukusudia. Tena matufaha huiva wiki kadhaa mapema, na nzi huyu haishi sana, basi hata kalenda ikawatenga. Mchanganyiko haujaisha, watafiti wamekadiria kwamba asilimia 4 hadi 6 hivi bado huvuka kila kizazi. Karne moja na nusu, na kazi haijakamilika. Ukisikia mtu anasema nzi wa shamba lake wamekuwa spishi mpya kwa misimu mitatu, mkumbushe matufaha.

Njia ya pili ni saa. Australia wana nzi wawili, Bactrocera tryoni na Bactrocera neohumeralis, wanaokaa kwenye matunda yale yale na kufanana hivi kwamba alama ya kuwatofautisha ni kadoa ka begani: kwa mmoja ni ka manjano, kwa mwingine kahawia. Maabara wanaweza kuzaa pamoja, na watoto wakazaa. Kondeni kila mmoja ana lake, kwa kuwa tryoni hupandana mwanga unapofifia jioni, na neohumeralis mchana kweupe. Basi. Ukuta wote ni huo.

Na saa hii inaweza kusogea bila mtu kuigusa. Kisa hiki nakipenda kuliko vingine, vumilia kidogo. Wajapani walipambana na nzi wa jamii ya matikiti, ambaye sisi tunaye kwenye matango na maboga, na leo huitwa Zeugodacus cucurbitae. Walizalisha madume kwa mamilioni, wakawafanya tasa kwa mnururisho, wakawaachia wapandane na majike wa porini ili mayai yasianguliwe. Mtafiti Miyatake na wenzake, maabara, waliwateua nzi wanaokua haraka wakawa kundi moja, na wanaokua polepole wakawa kundi la pili. Hawakuteua kitu kingine chochote. Baada ya vizazi kadhaa wakaona ajabu: wanaokua haraka wanapandana mapema jioni, wanaokua polepole wanapandana usiku ukiwa umeingia. Saa ya ndani ya mwili inayoongoza ukuaji inagusa pia wakati wa mapenzi. Makundi yakiwekwa pamoja, yalielekea kupandana kila moja na lake, kwa kuwa hawa wakianza wale hawajaamka, na wale wakianza hawa wameshamaliza. Hebu fikiria, mfugaji wa nzi maabara anapenda wanaokua upesi kwa sababu ya gharama, na bila kujua anawatengeneza madume watakaofika jioni majike wa porini wakiwa bado hawana habari.

Hata majike nao husogea. Katika sehemu ya kisiwa kikuu cha Okinawa, wakati wa kampeni hiyo hiyo, watafiti waliripoti mwaka 1991 kuwapo kwa majike wa porini waliowakataa madume wa maabara. Ni jambo la kutarajiwa: jike aliyemkubali tasa hakuacha mtoto, aliyemkataa ameacha, na mabinti wakarithi ukataaji wa mama yao. Kampeni haikushindwa, ikumbukwe. Mwaka 1993 nzi huyo alitangazwa kuwa ametokomezwa katika visiwa vyote vya kusini mwa Japani. Lakini onyo lilitolewa.

Haya, mtego wako.

Nusu ya kweli ya jirani ni hii: kuua madume kwa harufu huteua wasioifuata. Mwaka 1997 mtafiti Shelly, huko Hawaii, alichapisha jaribio ambalo kila kizazi kilizaliwa na madume waliokataa kwenda kwenye methaili yujinoli. Mwitikio wa wana ukashuka. Kwa hiyo tabia hiyo hurithiwa, na inaweza kupungua. Kuna mahali chambo hiki kilimaliza kazi chenyewe, kama kisiwa cha Rota katika bahari ya Pasifiki miaka ya mwanzo ya 1960, ambako kiliwekwa pamoja na sumu na nzi akaisha kabisa. Na kuna visiwa vya Ogasawara, Japani, ambako hakikutosha. Watafiti wakashuku kwamba madume wasiojali harufu wameongezeka, wakaongeza madume tasa, na mwaka 1985 nzi akatokomezwa. Njia ile ile, sehemu mbili, matokeo mawili.

Nusu isiyo kweli ni pale anaposema wanazaana wao kwa wao. Na nani? Mtego wako hauwagusi majike. Jike wa shamba lako hajateuliwa na chochote. Bado jioni anatua kwenye jani lenye dume mwenye harufu nzuri. Kumbuka nilichokuomba ukiweke akilini: dume aliyekula ndiye anayependwa. Yule aliyekikwepa chambo chako ameponyoka kifo mchana, lakini jioni anaingia uwanjani mikono mitupu. Mtego unamvuta upande mmoja, jike anamvuta upande wa pili. Ili spishi mpya izaliwe hapo, lazima wapatikane majike wanaowapendelea hasa madume wasiokula, na upendeleo huo uambatane na ukwepaji wa chambo kizazi baada ya kizazi. Shida ni kwamba vinasaba huchanganywa upya katika kila mimba kama karata: binti anaweza kurithi ukwepaji kwa baba na upendeleo wa zamani kwa mama, na ule mkono uliokuwa ukijengeka ukavunjika. Kule kwenye matufaha mambo yalikwenda kwa sababu kitu kimoja, harufu ya tunda, kilikuwa chakula na ukumbi wa harusi kwa pamoja. Hapakuwa na vitu viwili vya kuunganishwa.

Tena Kilifi si kisiwa. Nzi huyu huruka kilomita kadhaa, na chakula kimejaa kila upande: mapera ya vichakani, mikungu ya ufukweni, miembe mikubwa ya nyuma ya nyumba ambayo haina mwenyewe wa kuitegea. Madume wanaoingia kwako kutoka huko hawajawahi kuonja mtego. Kila wanapoingia huurudisha ukoo wa shamba lako pale ulipokuwa. Ningeanza kuwa na wasiwasi endapo chambo hiki kingetumika peke yake, kila pembe, miaka mingi, katika eneo lililofungwa, na tukaanza kukuta nzi wanaopandana saa tofauti au kwenye mti tofauti. Hapo ningeacha chai yangu nije mwenyewe. Kwa uliyonieleza, hatupo huko.

Kwa nini basi mitego imepungukiwa? Sababu za kawaida ni nyingi na hazipendezi kusimulia kama spishi mpya. Joto la Pwani hukausha chambo. Harufu unayoisikia wewe si kipimo cha anayoisikia nzi. Sumu iliyo ndani nayo huisha nguvu, nzi akaingia, akala, akatoka. Dume aliyekwisha kula mahali pengine, hata kwenye ua la porini, kwa muda hana hamu kubwa ya kuja tena, na huyo anayeletwa na mtego uliokwisha sumu ndiye mbaya zaidi: umemlisha manukato kisha ukampeleka kwa jike. Chunguza pia sisimizi wa maji moto. Hao hupanda kupitia waya na kubeba nzi waliokufa. Unakuta mtego mtupu na kumbe ulifanya kazi usiku kucha. Paka grisi kwenye waya. Usiwaue lakini, kwa kuwa maji moto juu ya mwembe humsumbua nzi jike anapotaka kutaga, na wapo wakulima wanaowalinda kwa makusudi.

Sababu nyingine ni kwamba pengine funza si wa dorsalis wote. Tunaye nzi wa maembe wa asili ya Afrika, Ceratitis cosyra, mdogo, wa rangi ya manjano, mwenye madoa meusi mgongoni na mabawa yenye mapambo. Dorsalis alipokuja alimsukuma pembeni, hakummaliza. Huyo haji kwenye methaili yujinoli hata ukiimwaga ndoo. Ana kivutio chake kingine. Na mambo hayajatulia huko kwenye kina Ceratitis: mwaka 2016 De Meyer wa Ubelgiji, Mwatawala wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, na Virgilio walimgawa Ceratitis rosa, tuliyemdhania mmoja, kuwa wawili. Wa nyanda zenye baridi sasa anaitwa Ceratitis quilicii. Kwa hiyo spishi zilizojificha zipo kweli Afrika Mashariki, ila hizo ziliachana zamani sana, sisi ndio tumechelewa kuziona. Si mitego iliyozizaa.

Na hata mtego mzuri una kikomo chake. Dume mmoja hupanda majike wengi, na jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 maishani. Ukiua madume tisa kati ya kumi, wa kumi anatosha kuwahudumia majike waliobaki. Ndiyo maana sijawahi kumwambia mkulima wa shamba dogo lililozungukwa na mashamba mengine ategemee chambo cha madume peke yake. Kinakuonyesha nzi wameanza kuingia lini, na kinapunguza idadi. Zaidi ya hapo unakiomba jambo kisiloliweza.

Ningekuwa wewe, fedha na nguvu ningezielekeza kwa jike. Chambo cha protini hufanya hivyo: jike anahitaji protini ili mayai yakomae, kwa hiyo huja kula yeye pamoja na dume, na harufu ya mapenzi haihusiki. Hupulizwa doa dogo tu kwenye kila mwembe, si mti mzima, kila wiki tangu embe linapoanza kukomaa, na mvua ikinyesha hurudiwa. Gharama ipo, siifichi, na mkulima mmoja akipuliza huku majirani wamelala, nusu ya faida inaondoka na upepo. Lisilo na gharama ni maembe yaliyoanguka. Yaokote kila siku mbili, yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki ufungwe uachwe juani, au yafukie angalau nusu mita. Kufukia kwa kina cha kiganja ni kuwatandikia kitanda. Kazi hii haina mvuto, na nadhani ndiyo inayopuuzwa kuliko zote Pwani nzima. Bado una chaguo la kufunika matunda kwa mifuko ya karatasi. Kwa apple za kuuza bei nzuri linafaa, kwa ngowe iliyopanda juu ya paa, sahau.

Kuhusu nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai na funza wa nzi huyu, icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, wamewaleta na kuwaachia Pwani. Wanasaidia, na ukipuliza sumu mti mzima unawaua wao kabla ya nzi.

Kabla ya yote hayo fanya jaribio hili, litamaliza ubishi na jirani. Tundika mtego wenye chambo kipya na sumu mpya kwenye mti ule ule wenye mtego wa zamani, matawi tofauti, waya zote zimepakwa grisi. Subiri wiki moja. Mpya ukijaa na wa zamani ukabaki mkavu, tatizo lilikuwa dukani au kwenye kalenda yako, nzi hawajabadilika. Yote miwili ikikosa nzi huku maembe yakiendelea kutoboka, usikae na swali hilo nyumbani.

Hapo nenda kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Mtwapa, au umwombe afisa wa kilimo wa wadi akupeleke. Usiende mikono mitupu. Chukua maembe kadhaa yenye funza, yaweke kwenye ndoo yenye mchanga mkavu kiasi cha vidole vinne, funika kwa kitambaa chepesi kisichopitisha nzi. Funza watashuka mchangani wawe bundo, yaani wajifunge ganda kabla ya kuwa nzi, na baada ya siku kumi hivi nzi wataanza kutoka. Waache siku mbili wakomaze rangi, kwa kuwa nzi aliyetoka leo ni mweupe na hata mimi hunipoteza. Kisha watie kwenye kichupa chenye spiriti, madume na majike pamoja, usiwaponde, na uandike kwa penseli kwenye karatasi ya ndani: tarehe, aina ya embe, kijiji. Nzi wa mtegoni waweke kichupa cha pili, usiwachanganye, maana kinachotafutwa ni kama waliotoka kwenye embe na walioingia mtegoni ni wamoja. Ukiwa unauza nje ya nchi, waarifu na KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, kabla ya kuvuna.